Makoti Manne ya Ziada

Mimi hufuma vitambaa vya makochi. Naketi kwenye baraza ya duka la vifaa vya umeme hapa Riruta, kando ya Naivasha Road, na wateja wangu ni akina mama wasioweza kuvumilia kuona kitu kikiwa wazi ndani ya nyumba. Kochi lifunikwe, meza ifunikwe, televisheni ifunikwe, hata redio iliyokufa mwaka juzi ifunikwe. Siwacheki, maana nami niko hivyo hivyo. Mama alinifunza kufuma nikiwa darasa la nne kule Awendo, na kitambaa ambacho sijakizungushia ukingo alikuwa akinirudishia bila hata kukikunjua.

Tabia hiyo nusura imtoe Anita chuoni.

Anita ni jirani yangu kwenye ploti ya vyumba vya kupanga. Chumba chake ni cha tano, changu cha sita, na ukuta wa katikati ni mwembamba hivi kwamba nikipiga chafya yeye huniombea afya. Kwao ni Mutuini, ambako mama yake, Virginia, ana ng'ombe watatu na kipande cha shamba la majani ya napia. Anita alipoteza macho akiwa na miaka kumi na minne, baada ya homa ya uti wa mgongo. Sasa ana ishirini na miwili na anasomea kunyoosha viungo vya wagonjwa katika chuo kimoja cha afya katikati ya jiji. Mikono yake ni ya kazi hiyo. Akikukanda mabega baada ya siku nzima ya kufuma, unaweza kulala ukiwa umeketi.

Tatizo lilikuwa somo la vijidudu. Kwenye mtihani wa vitendo wanafunzi huonyeshwa picha kumi za virusi, moja baada ya nyingine, nao waandike kila kirusi kiko kundi gani. Anita hakuweza kuona picha, kwa hivyo chuo kilimpa karani mmoja amweleze anachokiona. Karani mwenyewe hakuwa amesoma somo hilo.

"Ati ananiambia, 'Hii ni kitu raundi, iko na nywele,'" Anita alinisimulia siku hiyo, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa mlangoni pangu. "Inakuja ya pili. 'Hii pia ni raundi, iko na nywele.' Caren, vitu saba zilikuwa raundi na ziko na nywele! Ningefanya nini?"

Nilicheka, naye akacheka. Alikuwa ameanguka. Kanuni ya chuo chao ni kwamba mtihani unarudiwa mara moja tu. Ukianguka tena unafunga sanduku unaenda kwenu.

Anita akanyoosha mkono, akapapasa kitambaa nilichokuwa nikifuma, akafuata ukingo wake kwa kidole mpaka mwisho.

"Wewe si unafuma? Nifumie virusi."

"Nikufumie nini?"

"Virusi. Kubwa kama chungwa. Nisome na mikono."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kila jioni kwa wiki sita alikuwa akicheza mihadhara ya Mwalimu Mbuthia kwenye simu, Kiingereza cha haraka ambacho mimi nilishika neno moja kati ya kumi, halafu ananigeuzia kwa Kiswahili kama mteja anayeagiza kitambaa. Ndani kabisa ya kirusi, alisema, kuna uzi. Huo uzi ndio maagizo ya kutengeneza virusi wengine, kama ule mchoro wa mtindo ambao fundi hufuata. Kuna virusi ambao uzi wao ni DNA na wengine RNA, na hakuna kirusi chenye zote mbili. Basi tukakubaliana DNA iwe nailoni, kwa sababu inateleza, na RNA iwe sufu, kwa sababu inakwaruza. Halafu nami nilikuwa namuuliza: ni uzi mmoja ama ni mbili zimesokotwa? Ni kipande kimoja ama ni vipande? Homa ya mafua peke yake ilinila vipande vinane.

Uzi unavalishwa ganda. Kuna maganda ya pembetatu ishirini zilizounganishwa zikawa kama mpira, na hayo yalinitesa, maana pembetatu moja ikiwa kubwa kuliko wenzake mpira wote unaenda upande. Kuna mengine yanayozunguka uzi kama springi ya godoro. Na juu ya ganda kuna wanaovaa koti. Koti si lao. Hulichukua kwenye seli ya mgonjwa wakati wa kutoka, kama mgeni anayeondoka na blanketi la mwenyeji. Hapo nilishona shanga, ambazo ndizo zile nywele za yule karani. Kila kirusi nilikiachia mlango mdogo wa kuingiza kidole, ili Anita apapase uzi ulio ndani.

Nilipomaliza ganda la polio nilimpa alishike kabla sijaendelea. Aligeuza, akahesabu pembetatu, akatabasamu.

"Hii iko sawa. Iwache hivyo."

"Bila koti?"

"Bila."

Sasa, siku hiyo sufu ilikuwa imebaki kidogo, na Anita alijua, maana nilikuwa nimelalamika asubuhi. Nikafikiri ananihurumia uzi. Ilikuwa hivyo tena kwa homa ya ini aina ya A, tena kwa adeno ya macho mekundu, tena kwa rota ambayo huharisha watoto. Kila mara ananiambia niiwache hivyo, na kila mara nilijiambia moyoni kwamba huyu msichana ana utu, lakini nikipata uzi nitamalizia.

Mwalimu Mbuthia alikubali Anita afanye mtihani kwa vidole badala ya picha. Masharti yake yalikuwa mawili. Virusi vyote kumi na vinne vifikishwe ofisini Ijumaa, vifungwe kwenye katoni, naye mwenyewe achague kumi Jumatatu asubuhi. Na mimi niliyevifuma nisizungumze na mtahiniwa habari ya virusi hivyo tangu nivipeleke mpaka mtihani uishe. Niliitwa nikatia sahihi.

Alhamisi nilivichukua nivioshe. Vilikuwa vimeshikwa wiki sita na mikono yenye chai, ugali na mafuta ya nywele. Nilivianika kwenye kamba nje, na Mercyline wa chumba cha pili akapita, akarudi nyuma, akasimama.

"Caren, hizi ni nini? Umeanza kazi ya uganga na hutuambii?"

"Hiyo ni surua, hiyo ni corona, na ile ya mwisho ni kichaa cha mbwa."

"Wololo! Na umeanika karibu na nguo za mtoto wangu!" Akavuta shati la mtoto kutoka kwenye kamba, akaenda nalo akicheka.

Vilipokauka nilivipanga kitandani. Kumi vilikuwa vimependeza, na makoti yao na shanga zao. Vinne vilikuwa mipira mitupu. Nikawaza, kesho hivi vitaingia ofisi ya watu waliosoma, wavipitishe mkono kwa mkono, waseme aliyevifuma aliacha kazi katikati. Uzi nilikuwa nao. Nilifuma makoti manne mchana huo, nikayabana vizuri, na la rota, kwa sababu lilikuwa la nailoni, nilichoma ncha kwa njiti ya kiberiti zisifumuke. Ijumaa nikavipeleka kwa karani mwingine, wa ofisi, aitwaye Lornah, akafunga katoni mbele yangu kwa utepe na kuandika jina lake juu ya utepe.

Nilirudi nyumbani nikijisikia mtu aliyefanya kazi safi.

Jumapili baada ya kanisa Anita alikuwa akifua, nami nimeketi karibu naye na kitambaa changu. Alikuwa akijisomea kwa sauti huku akisugua kola. Mimi sikujibu lolote, kwa ajili ya ile sahihi, lakini kusikia sikukatazwa.

"Kile kinaniwacha na roho safi," alisema, "ni zile nne ziko uchi. Nikishika ganda tupu, hapo siwezi kosa. Na unajua ndizo ngumu kuliko zote? Watu hudhani koti ndiyo nguvu. Koti ni mafuta tu, bana! Sabuni inayeyusha. Ikifika tumboni inayeyuka. Yenye koti inakufa haraka. Hizo za uchi ndizo zinakaa kwa maji, kwa mlango, kwa mikono ya mtoto, zinapita tumbo zima na haziguswi. Polio, rota, hepataitisi A, adeno. Nne za bure, na Mwalimu hawezi kuziacha. Nikipata hizo nne, hizo zingine nitafute mbili tu, nimepita."

Ndoana yangu ya kufumia ilisimama.

"Umenyamaza sana leo," akasema.

"Nilitia sahihi."

"Aki Caren, wewe utaenda mbinguni na viatu." Akaendelea kufua.

Nilimtazama akikamua lile shati, uso wake umetulia vile sijauona tangu aanguke. Kesho angepewa ganda tupu analolingojea, nalo lingekuwa limevaa koti nililolivalisha mimi. Angepapasa, angesema ni kirusi kingine, na angekosa mara nne, asibakiwe na nafasi ya kukosa hata moja tena. Nikimwambia, nimevunja sahihi, na mtihani unafutwa. Nikinyamaza, anaanguka. Sikumwambia. Nilikunja kitambaa, nikasema kichwa kinaniuma, na kichwa kilikuwa kinaniuma kweli.

Jumatatu saa moja asubuhi nilikuwa nimesimama mlangoni pa ofisi ya chuo. Lornah alifika saa moja unusu, kipochi begani, chapati mkononi.

"Dada, bado hujachoka na sisi?"

"Nataka ile katoni. Kuna kitu nimekosea ndani."

Aliacha kutafuna. "Katoni gani? Hiyo yenye jina langu liko juu? Wewe unataka nifutwe kazi Jumatatu asubuhi hata sijakunywa chai?"

"Sitaki nikae nayo. Niifungue mbele yako."

"Mbele yangu, nyuma yangu, haifunguliwi. Keti hapo. Mwalimu akija umweleze, mimi simo."

Niliketi. Mimi ni mtu wa kuketi, hiyo kazi naijua. Nilitazama saa ya ukutani, nikatazama mlango, nikatazama Lornah akinitazama. Mtihani ulikuwa saa tatu. Saa mbili kasoro dakika kumi Mwalimu Mbuthia aliingia, mzee mrefu mwenye sweta ya vifungo, akanisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza hakukasirika. Ilikuwa afadhali angekasirika.

"Msichana, nani amekutuma?"

"Hakuna, mwalimu. Nimejileta."

"Anita anajua uko hapa?"

"Hajui. Sijamwambia kitu. Hata jana nilinyamaza mpaka akaniambia nimenyamaza sana."

"Unajua mimi naona nini? Naona mtu amekuja asubuhi ya mtihani kuweka alama kwa vifaa, ili rafiki yake akishika ajue."

"Basi nisiguse. Ushike wewe, mimi nikuambie ni zipi, na mtoe wenyewe."

Mwalimu alitazama saa ya ukutani. Akamwambia Lornah alete katoni na daftari, aandike saa iliyofunguliwa na ni nani waliokuwepo. Utepe ukakatwa. Mwalimu akaingiza mkono, akatoa kirusi kimoja, akakiweka kwenye kiganja changu.

"Hii?"

"Hii ni surua. Uzi wa sufu, mmoja, haujakatwakatwa. Ganda ni la springi. Koti ni lake."

"Na hii?"

"Hii ni ile ya kutoa vidonda vya mdomo. Ndani ni nailoni, mbili zimesokotwa. Ganda la pembetatu, koti juu. Hii sikuiharibu."

"Hii?"

Niliitambua hata kabla ya kuigusa. "Hiyo ndiyo ya kwanza nimeharibu. Ni polio. Nilimvalisha koti na yeye hana koti."

"Umejuaje hana?"

"Kwa sababu anapita tumboni. Koti ni mafuta, likifika tumboni linayeyuka. Polio angekuwa na koti hangefika popote."

Mwalimu alinitazama juu ya miwani. Lornah naye alikuwa ameacha kuandika.

"Na kwa nini ulimvalisha?"

Ningemwambia nini mzee kama huyo? Nikasema ukweli. "Niliona kama hajamaliziwa. Sikutaka mtu aone kazi yangu iko uchi."

Lornah alicheka kwa pua. Mwalimu hakucheka, lakini alivuta kiti, akaketi, nikapata tumaini, maana mtu anayekaribia kukufukuza hakai.

"Hata kwangu nyumbani," alisema taratibu, "jagi ya maji ina kitambaa chake." Akasukuma katoni upande wangu. "Una mpaka saa tatu kasorobo. Utafanyia hapa, macho yangu yakiona. Hakuna fundo jipya, hakuna uzi mpya. Unatoa tu."

Koti la polio lilitoka lenyewe. Ukijua ncha ya mwisho iko wapi, unaivuta na kitambaa chote kinarudi kuwa uzi, mstari baada ya mstari, mpaka ganda likabaki jinsi Anita alivyoliacha. La homa ya ini likafuata. La adeno lilinichelewesha, kwa sababu kirusi hicho kina vijiti vinavyochomoza kwenye kila pembe na koti lilikuwa limenasa kwenye vijiti vyote kumi na viwili. Nilinasua kimoja kimoja. Mwalimu akawa anasoma gazeti bila kugeuza ukurasa.

Halafu rota. Nilitafuta ncha, sikuipata. Nilikuwa nimeichoma ikayeyuka ikaungana na ganda, tena mahali sita. Nikivuta, ganda linapasuka. Nilijaribu kwa kucha, nikajaribu kwa meno.

"Una nini?" Lornah akauliza.

"Nilichoma ncha. Nahitaji kitu chembamba cha kukata."

"Watu wa ushonaji nyinyi, mnafunga kama mnafungia jela." Alifungua droo yake, akatoa kimkasi cha kukatia nyuzi za nywele, kile cha salon. "Shika. Nilikitumia kwa kusuka jana. Usiniharibie ncha."

Nilikata tone la kwanza la nailoni, la pili, la tatu. Koti la rota lilitoka vipande vipande. Ganda likabaki zima, limechakaa kidogo, nyuzi zimesimama kama kuku aliyenyonyolewa haraka, lakini zima. Mwalimu alilishika, akaingiza kidole, akahesabu vipande vya uzi ndani kwa midomo bila sauti. Kumi na kimoja, kila kimoja cha nyuzi mbili. Akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi na nane.

Nilitoka ofisini nikaingia kwenye ukumbi mwembamba, viganja vimejaa nyuzi zilizofumuliwa, na hapo nikasikia fimbo. Tak, tak, tak. Anita alikuwa anakuja, amevaa sketi yake ya kanisa, nywele zimebanwa nyuma. Nilijibandika ukutani ili apite. Alipofika mbele yangu alisimama.

"Caren?"

Mimi hupaka mafuta ya nazi mikononi ili uzi usinikwaruze. Nilisahau kwamba yeye hunijua kwa harufu yake.

"Caren, ni wewe?"

Lornah alikuwa mlangoni, kidole kwenye midomo, macho yamemtoka. Sijawahi kumfanyia mtu kitu kibaya kama kile cha kumnyamazia mtu asiyeona anayeniita kwa jina, akiwa ananyoosha mkono kidogo tu, sentimita chache kutoka kwenye bega langu.

"Ni mimi, Lornah wa ofisi," Lornah akasema kwa sauti ya juu. "Karibu, mami. Chumba ni hiki, hatua nne mbele."

Anita aliushusha mkono. Akaingia. Mlango ukafungwa.

Niliketi kwenye benchi la nje. Lornah aliniletea chai ya ofisi kwenye kikombe kisicho na sikio, akaketi kando yangu ingawa simu ilikuwa ikilia ndani.

"Ni dada yako?"

"Ni jirani."

"Jirani!" Akanywa chai yake. "Mimi jirani yangu hata nikichomeka atauliza kama moshi utaingia kwa nguo zake."

Nikacheka, nikashangaa kwamba naweza kucheka. Nilikuwa nimefanya nililoweza. Kilichobaki kilikuwa mikononi mwa Anita, na mikono hiyo naiamini kuliko macho yangu. Saa nne kasorobo mlango ulifunguliwa, Mwalimu Mbuthia akatoka peke yake na karatasi.

"Wewe. Ya rota nani alichoma na moto?"

"Ni mimi, mwalimu."

"Usirudie."

"Sitarudia."

"Amepata tisa."

Nilisikia, lakini nilitaka kusikia tena. "Tisa kati ya ngapi?"

"Kati ya kumi. Kwani ungetaka ya ngapi? Zile nne alizitaja kabla sijamaliza kuziweka mezani. Alikosa ya UKIMWI tu. Alisema nyuzi mbili zimesokotwa pamoja, na ukweli ni mbili lakini kila moja iko kivyake."

Sufu ukiiosha kwa maji ya moto hushikana. Nilikuwa nimeiosha kwa maji ya moto. Nikafungua mdomo.

"Mwalimu, hata hiyo ni..."

Aliinua mkono. "Usiniongezee. Tisa zinatosha. Karatasi itabandikwa Ijumaa, lakini alama zimeshaandikwa kwa wino." Akakunja karatasi yake, akaondoka, na alipofika kona nilimwona akitoa kitambaa mfukoni na kufuta miwani, akitikisa kichwa, mabega yakicheka.

Anita alitoka akipapasa ukuta kama mtu aliyeamka usingizini. Nilimwendea nikamshika mkono. Hakuuliza ni nani.

"Nilikuita na ukaninyamazia," akasema.

"Nilikatazwa. Ungejua ilivyoniuma."

"Nilidhani nimeanza kuwa wazimu. Halafu akanipa rota." Alinishika vidole, akavipapasa, akakuta uzi uliobaki kati ya vidole viwili. "Ilikuwa imechanwachanwa hivi, ina manyoya. Nikajua tu kuna mahali umepita na mkasi. Ulifanya nini, wewe mwanamke?"

Nikamweleza yote, tangu kamba ya nguo mpaka kimkasi cha Lornah. Alinisikiliza mdomo wazi. Nilipofika kwa makoti alisimama katikati ya ngazi.

"Ulivalisha polio kitambaa cha kochi?"

"Si cha kochi. Kilikuwa cha sufu nzuri."

"Na ukingo?"

"Na ukingo."

Alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi, akaegemeza mgongo ukutani, machozi yakimtoka. Wanafunzi waliokuwa wakipita walitugeukia. Nikaketi naye. Jua lilikuwa limefika pale, joto la kutosha, na sote wawili hatukuwa na haraka ya kwenda popote. Alivua viatu vyake vya kanisa, akanyoosha miguu. Nikamwambia kuhusu sufu iliyoshikana, kwamba ile alama ya kumi niliila mimi.

"Basi nakudai kukanda mabega mwaka mzima," akasema.

"Wewe ndiye unayekanda."

"Hivyo ndivyo nilisema. Utakuwa mgonjwa wangu wa mazoezi, na hutalalamika."

Halafu akatoa simu, akaiambia impigie mama. Ikalia mara mbili. Nikasikia sauti ya Virginia kutoka Mutuini, na nyuma yake ng'ombe. "Anita? Anita, ulifanya? Imekuwaje?" Anita akanisukumia simu kifuani, akaufunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Mama Anita, ni Caren," nikasema. "Amepita. Amepata tisa kati ya kumi."

Nilisikia kishindo, simu imeanguka kwenye majani. Kisha nikasikia miguu ikikimbia, na kwa mbali sauti yake ikimwita jirani wa upande ule mwingine wa ua, na yule jirani akiuliza kuna nini, na Virginia akipiga kelele, "Amepita! Kairitu gakwa, msichana wangu, amepita!" Ng'ombe akalia. Mbwa akaanza kubweka, na mwingine akajibu. Niliiweka simu kati yetu kwenye ngazi, sauti ikiwa juu, Anita asikie yote. Wala hatukukata.